Anayetaka kuweka fedha kwenye sola aje Februari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako. Wiki iliyopita mliandika kwamba kampuni changa za sola zinakosa wawekezaji kwa sababu vijana wetu hawajui kuandaa andiko la biashara. Niliyasoma hayo nikiwa Igurusi, dukani kwa mtoto wa marehemu mdogo wangu, nasubiri mvua ipungue nirudi zangu Uyole. Andiko la biashara lilikuwa mezani mbele yangu. Lina kurasa 34 na picha za rangi, na lilimgharimu kijana shilingi laki nane kwa mtaalamu wa mjini. Kwa hiyo andiko tunalo.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mhasibu mstaafu. Nimeshika vitabu vya ushirika miaka 31, kwanza kwenye kahawa, halafu kwenye chai, na nimeona vyama vikifa huku stoo zimejaa. Nilipostaafu nilitoa milioni 11 kwenye kiinua mgongo nikaziingiza katika kampuni ya huyu kijana, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba maslahi ninayo. Kampuni yenyewe ni watu watano, pikipiki mbili, chumba kimoja na stoo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Tangu 2018 tumewafungia wateja 412 taa za sola kwa mkopo, wengi wao Mbarali, wengine Rungwe, na wachache Makete. Mimi ndiye ninayeshika daftari la madeni. La karatasi, Mhariri. Kompyuta ipo, na ina mfumo mzuri wa kumtumia mteja tokeni, yaani namba ya kuwashia taa, akishalipa kwa simu. Ila karatasi sijaiacha, na sababu ninayo.

Mwezi wa saba mwaka juzi tulipata mgeni kutoka mfuko mmoja wa uwekezaji. Muungwana, kijana wa watu, alikula ugali na dagaa bila kuchagua. Tukampeleka bonde la Usangu, hapa Mbarali. Nani asiyeijua Mbarali mwezi wa saba? Mpunga umeshavunwa, mashine za kukoboa hazilali, pikipiki mpya zinapita hata namba hazijafungwa, na kila Jumamosi kuna harusi. Kila nyumba aliyoingia alikuta taa inawaka na deni la mwezi limelipwa. Mfumo ulionyesha makusanyo ya asilimia 94. Jioni ile ile mgeni akaanza habari za hisa: angeleta milioni 60, achukue asilimia 51.

Mwanangu akanitazama. Mimi nikamwambia mgeni, baba, rudi Februari, kisha tuongee. Alicheka. Hakurudi, lakini Februari ilipofika aliufungua ule mfumo akiwa hukohuko kwake, akakuta asilimia 38. Ikaja barua pepe ya mistari minne kwamba ubora wa madeni yetu umeshuka. Mazungumzo yakafia hapo.

Hakuna kilichoshuka. Nyanda za juu kusini mvua yetu ni moja, inaanza Novemba hadi Aprili au Mei, na kwa mkulima wa mpunga fedha ya maana huingia mara moja kwa mwaka. Ikifika Februari ameshalipa trekta, ameshalipa vibarua wa kupandikiza, Januari imepita na sare na madaftari, na gunia alilobakiza ndani ni la kula. Anayemwendea siku hiyo na rejesta atarudi na salamu tu. Mfumo wa kompyuta haujui kilimo. Ukichelewa siku 30 unakuweka kwenye rangi ya njano, siku 90 kwenye nyekundu. Mwaka ule nyekundu walikuwa watu 88. Hadi mwisho wa Agosti 79 kati yao walikuwa wamelipa yote, tena baadhi walileta wenyewe dukani bila kufuatwa.

Sasa ndiyo sababu ya daftari langu. Lina safu tatu ambazo kompyuta haina. Ya kwanza nimeiandika HANA. Ya pili, HATAKI. Ya tatu, NGUZO.

Mtu wa HANA namjua kwa kuuliza. Nampigia mwenyekiti wa kitongoji, nampigia mwenye duka anakonunua chumvi. Kama dukani nako anakopa, huyo hana, na nitamwacha taa yake iwake. Ndiyo, tunamwacha. Fundi wetu hubonyeza tokeni za bure, taa iwake kwa muda wa saa tatu kila usiku, watoto wasome. Mgeni wetu alipolisikia hilo alishtuka, akasema tunawafundisha watu kutolipa. Miaka minane naishi na daftari hilo, sijaona. Ninachokiona ni kwamba ukimzimia mtu taa Februari, Julai anakwenda kununua paneli ya mkononi sokoni Mwanjelwa na wewe hakusalimii.

Mtu wa HATAKI ni mwingine. Tulikuwa na bwana mmoja, mashine ya kukoboa anayo, aliyefungua boksi la tokeni akaunga waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, akatuambia kifaa kimeharibika. Tulipomfuata alikuwa anachaji simu za kijiji kizima kwa shilingi mia tano. Wa namna hiyo tangu tuanze ni 14. Hao ndio hasara ya kweli, na hata mgeni angeniuliza ningempa majina yote na tarehe. Hakuuliza. Aliuliza tutakuwa na wateja wangapi mwaka wa tano.

Na hapa niseme na vijana wetu pia, maana makosa hayako upande mmoja. Andiko la mwanangu lilisema wateja 10,000 katika miaka mitano. Nikamuuliza, hao elfu kumi watafungiwa na nani? Mafundi mnao wangapi? Wawili. Na siku ile mmoja alikuwa amelala na malaria. Akaniambia, mama mkubwa, wawekezaji ndivyo wanavyopenda. Basi wakipenda uongo utawaandikia uongo, halafu mwaka wa pili utawaeleza nini?

Safu ya tatu, NGUZO, ya wateja waliofikiwa na umeme wa gridi ya taifa, ndiyo inayonikosesha usingizi, na katika kurasa 34 sikuiona. Ukurasa wa 9 unasema soko letu ni wananchi wasiofikiwa na gridi. Soko hilo Serikali inalipunguza kila mwaka, na ndivyo inavyotakiwa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imeshapeleka umeme hadi ikatangazwa kwamba vijiji vyote 12,318 vimefikiwa, sasa kazi iko kwenye vitongoji. Kijijini mtu anaunganishiwa kwa shilingi 27,000. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha Februari 2024 na uwezo wake ni megawati 2,115. Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumzia kuwafikishia umeme watu milioni 300 barani hadi 2030. Mimi mwenyewe nyumbani Uyole natumia LUKU, sitamwambia mwanakijiji akatae nguzo ili nipate faida.

Lakini nguzo ikisimama mlangoni, mteja aliyebakiza miezi 14 ya deni la taa nne na redio anaona analipia kitu cha jana. Kwetu wameshahamia nguzo 61. Wapo waliomalizia deni kwa heshima, wengine walirudisha betri ikiwa imechoka. Mwekezaji anayeingia kwenye kampuni ya sola ya taa bila kuuliza nguzo iko kilomita ngapi, huyo anatupa hela. Tusidhani pia kwamba ukubwa unakinga. Mobisol ya Ujerumani ilikuwa na wateja hapa Tanzania na Rwanda na wafadhili wazito, na bado mwaka 2019 iliingia kwenye ufilisi, ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa.

Je, biashara imekwisha? Hapana, imehama. Nguzo inakwenda kwenye nyumba, haiendi kwenye kitalu cha vitunguu kilichoko kilomita mbili ng'ambo ya mfereji. Huko ndiko mwanangu anakopata riziki sasa, kwenye pampu. Nipige hesabu ya mteja wetu mmoja anayelima vitunguu na nyanya kiangazi. Pampu ya petroli ilimla lita nne kwa siku. Petroli ikicheza kwenye shilingi 3,000, hiyo ni 12,000 kwa siku, na siku za kumwagilia ni kama 90, jumla 1,080,000 kwa msimu, bado oili na plagi. Pampu ya sola na paneli zake tunamuuzia 2,400,000. Misimu miwili na kitu imejilipa, na fedha yenyewe anaipata kwa kuuza vitunguu, siyo kwa kusubiri mpunga. Pampu 37 tulizouza zina mdaiwa mmoja tu aliyechelewa kulipa, naye yuko kwenye HANA, mafuriko yalimchukulia bustani.

Ila hapa pia kuna swali ambalo sijamsikia mwekezaji yeyote akiliuliza, na ningekuwa mimi ndiye mwenye fedha ningeanza nalo: kibali cha maji kiko wapi? Petroli ilikuwa breki. Mtu akifikiria bei ya lita alizima pampu saa nne asubuhi. Jua halitoi bili, pampu inapiga maji tangu linapochomoza hadi linapozama, bustani ikilowa hata mwenyewe hayupo. Na maji hayo ni ya Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi huko chini kwenye Hifadhi ya Ruaha, na ndio unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kutumia maji yake kwa kilimo cha namna hiyo kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Siku Bodi ikija kufunga pampu zisizo na kibali, mkulima hatalipa deni la pampu iliyofungwa. Sisi tangu mwaka jana hatufungi pampu bila kuona kibali au risiti ya maombi, na tumepoteza wateja kwa hilo. Wamekwenda kwa wasiouliza.

Niguse betri, maana ndiyo inayoua kampuni hizi kimyakimya. Paneli nzuri mtengenezaji anaidhamini hata miaka 25. Betri ya asidi ukiikausha kupita nusu kila usiku, kama watu wafanyavyo wakiangalia mpira, miaka miwili hamalizi nayo. Sisi mwanzoni tulikopesha kwa miezi 36. Piga hesabu mwenyewe. Mwezi wa 24 betri imekufa, bado mwaka mzima wa deni, na hakuna mtu anayelipia maiti. Sasa tunatumia betri za lithiamu, bei imesogea juu, muda wa deni tumeupunguza hadi miezi 24, na katika kila malipo tunatenga kidogo kwa ajili ya matengenezo. Hicho kidogo kinaonekana kwenye vitabu kama faida imepungua. Mgeni alikiona, akashauri tukiondoe ili hesabu zipendeze.

(Makete, kwa wanaoniuliza, sola inafanya kazi. Nimechoka kusikia kwamba baridi inaizuia. Paneli hupimwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi moja juu ya hapo hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu. Bati la Mbarali saa saba mchana paneli hufika nyuzi 60, kwa hiyo asilimia 14 hivi imekwenda. Kinachosumbua Makete ni ukungu na wingu.)

Sasa fedha yenyewe. Mwaka 2022 tulikubali mkopo wa dola 20,000 kutoka kwa mkopeshaji wa nje. Riba ilikuwa asilimia 8, na vijana walishangilia, maana dirishani benki hapa mjini tuliambiwa 18 na dhamana ya nyumba. Nyumba iliyotakiwa ilikuwa yangu. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,300, yaani tulipokea milioni 46. Katikati ya 2024 dola ikapita 2,600. Kwa 2,620, deni lile lile lilikuwa milioni 52.4 kabla hujagusa riba. Milioni 6.4 zimeongezeka, hatukununua hata taa moja kwa hizo. Mteja wetu anauza debe la mpunga kwa shilingi, analipa kwa shilingi, wala hawezi kuambiwa taa imepanda kwa sababu ya dola. Nani abebe? Mkataba ulisema sisi. Kijana alikatwa mshahara miezi saba kulibeba, na mimi gawio langu, ambalo halikuwa kubwa, nikaliacha. Tulimaliza kulipa, nashukuru Mungu, lakini tangu hapo anayekuja na dola namwambia azibadilishe kwanza halafu tuzungumze.

Niseme na la heri, nisionekane bibi wa kulalamika tu. Mwaka jana kikundi cha wafugaji wa Rungwe, watu 63, walitaka kununua hisa kwetu. Nilifurahi, lakini kampuni binafsi kwa Sheria ya Makampuni ya 2002 haitakiwi kuzidi wanachama 50, na wala hairuhusiwi kutangazia umma hisa zake, jambo ambalo vijana wengi wanaopita mitandaoni kutafuta "wabia" hawalijui. Tukakaa nao chini ya mti siku nzima. Mwisho tuliandikiana hivi: kikundi kinachukua vifaa kwa watu wake wote, malipo yanakatwa kwenye fedha ya maziwa mwisho wa mwezi kabla haijamfikia mfugaji, na kikundi kinabaki na kamisheni ndogo ya kumlipa kijana wao tuliyemfundisha ufundi. Ng'ombe hana Februari. Makusanyo ya Rungwe hayajawahi kushuka chini ya asilimia 95, na mama mmoja aliponiona sokoni Tukuyu aliniambia ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akanipa maparachichi mfuko mzima.

Makato hayo siyo jambo geni, ndiyo yaliyoendesha pembejeo za kahawa enzi zangu. Ndiyo yaliyouua ushirika pia, nilikuwepo. Karani akikata elfu tano na kuandika elfu tatu, wanachama wakilijua hakuna mkutano utakaowarudisha. Ndiyo maana kila mfugaji anapata ujumbe wa simu siku ile ile na risiti ya karatasi, na daftari langu linasomwa kwa sauti kila robo mwaka mbele ya wote. Wakati mwingine ni aibu. Mwezi wa tisa nilikutwa nimekosea elfu kumi na mbili.

Kwa hiyo nikirudi kwenye mlichoandika, Mhariri: kampuni ndogo ya sola huku kwetu inalipa, lakini siyo kwa fedha ya namna inayoletwa. Tunahitaji mkopo wa shilingi unaolipwa Julai hadi Oktoba na kutuacha tupumue Januari hadi Aprili. Tunahitaji mtu wa kutudhamini sehemu ya mkopo benki, ili nyumba ya mzee isiwekwe rehani kwa ajili ya paneli. Mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake, ni mizuri na haina riba, lakini imejengwa juu ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kampuni iliyosajiliwa kwa msajili wa makampuni, BRELA, inabaki nje ya mlango. Benki zetu zimeshaonyesha kwamba fedha ya kijani, yaani ya miradi ya kutunza mazingira, ipo nchini. Benki ya CRDB iliidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wa kimataifa tangu 2019 kupitisha fedha zake, na hatifungani za kijani, yaani hati za kukopa kwa umma kwa ajili ya miradi hiyo, zimeuzwa hapa zikanunuliwa na Watanzania. Sijui kwa nini fedha hiyo ikitoka Dar es Salaam inachoka kabla ya kufika Makambako.

Na kama kuna mwekezaji anayesoma barua hii, hisa zipo, ila siyo 51. Aje dukani Igurusi, mtu yeyote pale stendi atamwonyesha. Asije Julai. Aje wiki ya pili ya Februari, nitampa kiti na daftari, tutapita nyumba kwa nyumba kwenye safu zote tatu. Pikipiki haitafika kote, kwa hiyo aje na buti.

Mhasibu mstaafu,
Uyole, Mbeya.